Kengele Tatu za Dona Hermínia

Nimeendesha tramu namba ishirini na nane hapa Lisbon kwa miaka kumi na tisa, na bado kuna siku natamani kuisimamisha katikati ya mteremko, niwashushe wote, nimuulize mmoja mmoja: wewe unakwenda wapi? Maana nusu yao hawaendi popote. Wanapanda kituo cha mwanzo, wanazunguka mpaka makaburini mwisho wa njia, wanashuka, wanapiga picha, wanapanda tena kurudi walikotoka. Na pale Graça, juu ya kilima, yupo mama wa miaka sabini na sita mwenye mahali pa kwenda na saa ya kufika, naye ndiye anayeachwa kituoni.

Mama huyo ni Dona Hermínia. Kazaliwa Graça, kaolewa Graça, na kwa miaka arobaini alishona mashati ya watu mbele ya dirisha lililo hatua sita kutoka relini. Mumewe, Mzee Adelino, alikuwa dereva wa tramu hiihii, tena ndiye aliyenifundisha kazi. Enzi zake, akikata kona ya Graça katika mzunguko wa mwisho kabla ya chakula cha mchana, alikanyaga kengele ya tramu, inayopigwa kwa mguu, mara mbili haraka, akanyamaza kidogo, akaongeza moja. Mtaa mzima ulijua maana yake: Hermínia, pakua supu, nakuja. Wapo walioweka sawa saa zao kwa kengele zile.

Sasa Mzee Adelino amevunjika nyonga na akili imemtoka. Nafasi ilipatikana kwenye nyumba ya wazee kule Estrela, upande wa pili wa jiji, ghorofa ya kwanza, dirisha lake likitazama reli. Amesahau majina ya wanawe, amesahau uma ni wa nini, lakini kukaza meno hajasahau. Muuguzi akimletea kijiko, anafunga mdomo kama mtoto mkaidi. Alikuwa hali ila kwa mkono wa mkewe. Basi kwa miezi saba, kila siku, Dona Hermínia alipika supu ya sukuma wiki na viazi, akaitia kwenye chupa ya chai, akaifunga kwa kitambaa cha jikoni, akasimama kituoni saa tano na robo ili saa sita na nusu awe kando ya kitanda.

Mtaniuliza mbona asichukue teksi. Kila siku, kwa pensheni ya mshona mashati? Treni ya chini ya ardhi haifiki Graça, na hata ingefika, magoti yake hayawezi ngazi zile. Tramu iliwekwa kwa ajili ya watu kama yeye, watu wa vilimani, na leo watu wa vilimani wamegeuzwa pambo la kupigwa picha kupitia madirisha yake.

Jumatano ninayotaka kuwasimulia ilianzia Jumanne. Siku hiyo tramu nne zilimpita zimejaa pomoni, akafika Estrela saa nane. Mzee hakugusa kitu tangu asubuhi. Jioni muuguzi akampigia simu. Daktari amesema mgonjwa amebaki mifupa. Kesho atapita saa saba kamili, na akikuta hajala tena chakula cha mchana, atamtia mpira puani alishwe kwa huo. Dona Hermínia aliujua mpira huo. Dada yake alikufa nao, mikono imefungwa kwenye kitanda asije akauchomoa.

Nilipofika Graça ilikuwa saa tano na dakika hamsini, na nilikuwa nimejaa hadi mlangoni. Kituoni kulikuwa na foleni ya kofia na mikoba ya mgongoni inayopinda kona. Yeye alikuwa pembeni, chupa kifuani, uso umemwiva kwa hasira. Sisi madereva tunao utaratibu wetu: wazee wa mtaa tunawafungulia mlango wa nyuma. Sheria inakataza, lakini sheria haijawahi kusimama Graça kwenye jua. Niliufungua, akainua mguu, na hapo jamaa mmoja wa kaptula akanyoosha mkono kumzuia, akaonyesha mwisho wa foleni kwa kidole.

“Anasema nini huyu?” Dona Hermínia akanipigia kelele.

“Anasema kuna foleni, Dona Hermínia.”

“Foleni? Mwambie mimi nimepanga foleni hapa tangu mama yake hajavunja ungo! Toa mkono wako, baba, usije ukalala nao hospitali!”

Jamaa hakuelewa neno hata moja ila mkono aliutoa. Akapanda. Viti vya wazee vilikuwa vimekaliwa na vijana wawili na begi moja, na begi lilikuwa na kiti chake peke yake. Nilitangaza kwa lugha tatu kwamba kuna mama mzee amesimama. Walinitabasamia. Mmoja alidhani naeleza historia ya jiji, akanirekodi.

“Acha, mwanangu,” Dona Hermínia akasema huku amening'inia kwenye kamba ya kujishikilia. “Wewe endesha tu. Saa ngapi?”

“Saa sita kasoro tano. Utafika.”

Sikupaswa kusema vile. Tulipoingia ule uchochoro wa Escolas Gerais, ambako ukitoa mkono dirishani unagusa nguo za watu zilizoanikwa, nikakuta gari dogo jeupe la kukodi limeegeshwa kona, tako lote juu ya reli. Tramu haina usukani. Siwezi kulizunguka, siwezi kurudi nyuma. Nilipiga kengele mpaka unyayo ukaniuma. Mwenyewe hakuonekana.

Kanuni ya kampuni ni kukaa, kupiga simu na kusubiri gari la kuvuta. Gari la kuvuta lingefika saa saba na nusu, kwa bahati njema. Nikasikia abiria wangu wakishangilia. Walikuwa wanafurahi! Simu zote juu. Damu ilinichemka, lakini kabla sijafungua mdomo, Dona Hermínia alikuwa keshashuka.

Alitembea moja kwa moja hadi kwa Zeferino, mwenye mgahawa wa pale chini, ambako wakati huo wanaume wa mtaa huwa kwenye glasi ya mvinyo na mzozo wa mpira.

“Enyi mnaokunywa! Kuna gari relini, na Adelino ana njaa!”

Hakuhitaji kusema zaidi. Huku kwetu gari likikaa relini hatumsubiri mtu. Zeferino alitoka na aproni yake, nyuma yake wanaume saba, na Belmiro fundi viatu akiwa wa mwisho, bado anatafuna. Mimi nilichomoa mpini wa kuendeshea, kwa sababu dereva haachi mpini wake hata akizikwa, nikautia kwapani, nikashuka kuwasaidia.

“Belmiro, wewe kaa pembeni,” Zeferino akamwambia. “Watu wa timu ya kijani hata kombe hamjui kuinua, mtainua gari?”

“Inua na huo mdomo wako, basi, ndio mzito kuliko gari!”

“Kelele!” Dona Hermínia akawakata. “Mtataniana nikishafika. Shikeni chini, si hapo juu, mtang'oa bampa! Haya, moja, mbili!”

Gari linainuliwa kwa kudundishwa. Unalisukuma chini, likirudi juu unalisogeza shibiri moja, unadundisha tena. Tulilidundisha mara kumi na tatu. Dona Hermínia alikuwa amekamata kona ya nyuma kwa mkono mmoja, mwingine umekumbatia chupa, na hakuna aliyethubutu kumwambia aache. Lilipokwea ukingo wa njia, watalii walipiga makofi. Mwanamke mmoja akanijia kwa adabu zote, akauliza kama tungeweza kulirudisha relini na kuinua tena, kwa kuwa simu yake ilikuwa haijarekodi. Zeferino aliniuliza anataka nini. Nilikataa kumtafsiria, maana Zeferino alikuwa keshashika chupa ya mvinyo.

Ilikuwa saa sita na dakika ishirini na tano. Nikageuka kurudi ndani, nikakuta balaa jingine. Milango ilikuwa wazi muda wote ule, na waliokuwa wakipita uchochoroni walidhani hapo ni kituo. Walikuwa wamejipakia. Mlango wa nyuma haukuwa na nafasi ya kupenyeza hata gazeti. Na pale Dona Hermínia alipokuwa amesimama, penye kamba yake, alikuwa amesimama yule wa kaptula.

Alinitazama. Kwa mara ya kwanza siku ile hakutukana.

“Mwanangu,” akasema, “watamtia mpira.”

Basi nikafanya lisilofanywa. Nikamshika mkono, nikampandisha mlango wa mbele, nikamsimamisha kando yangu mimi dereva, mahali ambapo hata mkaguzi haruhusiwi kusimama tramu ikitembea. Nikachomeka mpini, tukaondoka.

Sikusimama vituo viwili. Waliotaka kushuka kanisani walipitishwa kanisa, na waliotaka picha ya mto walipata picha ya mgongo wangu. Tukateremka, tukavuka bondeni, tukapanda upande wa pili. Dona Hermínia alihesabu taa za barabarani kwa sauti, akiitukana kila nyekundu kwa jina lake. Tulipoanza kupanda Estrela ilikuwa saa saba kasoro dakika nne, na mbele yetu bajaji tatu za watalii zilikuwa zinapanda mwendo wa konokono, sambamba na maelezo ya madereva wake.

“Hatufiki,” akasema. Dirisha la mumewe lilikuwa linaonekana. Kisha akatazama chini, kwenye kidude cha kengele karibu na kiatu changu. “Horácio, sogeza mguu.”

“Dona Hermínia, hiyo ni...”

“Sogeza mguu, nimesema! Asikie nakuja. Akaze meno mpaka nifike, wasimtie kitu!”

Nikasogeza. Akainua kiatu chake cha kisigino kifupi, akakanyaga. Mbili haraka. Akanyamaza kidogo. Moja. Sikuwa nimezisikia kengele zile kwa miaka kumi na mbili. Bajaji zilitawanyika. Nilimshusha chini ya dirisha lile lile, pasipo na kituo, na nikamwona akizivamia ngazi kwa magoti yale yale yasiyoweza ngazi.

Yaliyotokea juu alinisimulia mwenyewe kesho yake.

Alifungua mlango wa chumba akiwa hana pumzi. Daktari alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, na mpira uko kwenye sinia, bado ndani ya karatasi yake. Na Mzee Adelino alikuwa ameketi wima. Kitambaa shingoni, mdomo wazi. Muuguzi, binti wa miaka ishirini na kitu, alikuwa anamlisha supu ya pale, ile ya maji ya karoti ambayo hata paka angeiruka, naye anakula kijiko baada ya kijiko. Binti alieleza kwamba kengele zilipolia barabarani, mzee aliinuka ghafla, akaona sahani mbele yake, akafungua mdomo. Alipomaliza alijifuta, akampapasa yule binti mkononi.

“Asante, Hermínia,” akamwambia. “Leo umeichelewesha kidogo.”

Dona Hermínia alisimama mlangoni na chupa yake ya moto kifuani.

“Miezi saba!” alinifokea, kana kwamba mimi ndiye niliyepanga yote. “Miezi saba nimening'inia kwenye kamba yako kama nyama buchani, nasukumwa na mikoba, namwagiwa maneno ya lugha nisizozijua, kumbe huyu mwanamume hakuwa anasubiri mkono wangu! Alikuwa anasubiri kengele! Na supu yenyewe, Horácio! Ile supu!”

Kama alilia, hakuniambia, na mimi sikumuuliza.

Kampuni ilinipa barua ya onyo. Picha ya Dona Hermínia akikanyaga kengele ilikuwa imesambaa mpaka nchi za baridi, ikiwa na maneno ya kusifia jiji letu lenye uchangamfu. Madereva wenzangu waliisoma barua, wakairudisha kwenye bahasha. Tangu siku hiyo, yeyote anayepita Estrela karibu na saa sita na nusu anakanyaga mbili, ananyamaza, anaongeza moja. Mzee anafungua mdomo. Amerudisha kilo nne, na mpira haukutoka kwenye karatasi yake.

Naye Dona Hermínia bado yupo kituoni Graça kila siku, saa tano na robo, na bado anaachwa. Nilimwambia hana haja ya kukimbia tena, mzee anakula hata asipofika. Akaniuliza kama nimerogwa. Akifika anamkuta keshashiba, anakaa kando ya kitanda, anafungua chupa, anainywa supu yake mwenyewe taratibu, na mzee anamtazama kwa heshima kama mgeni.

Wiki iliyopita imekuja barua ya pili. Nyumba inayotazamana na ile ya wazee imegeuzwa vyumba vya wageni, na wageni wamelalamika kwamba kengele za mchana zinawakatiza mapumziko. Kampuni inatukumbusha kwamba kengele ipigwe pale tu panapokuwa na sababu. Nimeisoma mara mbili, nikaitia mfukoni pamoja na ile ya kwanza, na leo saa sita na nusu nimekanyaga kwa nguvu zaidi. Sababu ipo ghorofa ya kwanza, imevaa kitambaa shingoni, inasubiri kula.