Nyumba Namba Kumi na Moja

Felisiani Makongoro alikuwa na mdomo mzito, na kwa mhudumu wa zahanati sifa hiyo ni nusu ya dawa. Alizaliwa upande wa Bunda, kwenye pamba na ng'ombe, akafundishwa kazi misheni. Mwaka 1974, watu walipohamishiwa kijiji cha ujamaa nje ya Butiama, alipewa chumba kimoja, sindano tatu za kuchemsha na daftari la wagonjwa. Kilichoingia humo hakikutoka. Hata mkewe Dorotea alinung'unika kwamba habari za kijiji huzisikia lamboni akiteka maji, kama wageni, na mume anazo zote.

Mwaka uliofuata alikuja mtafiti kutoka Musoma, mtu mpole mwenye miwani. Watoto wengi walikuwa wanakojoa damu, naye alitaka kuthibitisha kichocho kinatoka lambo lipi, ili serikali ichimbe kisima cha pampu. Aliomba orodha ya wagonjwa. Felisiani aliitaka pampu hiyo kuliko mtu yeyote, maana alitibu watoto walewale tena na tena, wakipona wanarudi kwenye maji yaleyale. Akanakili, lakini majina akayaacha. Aliandika umri, ugonjwa na namba ya nyumba tu. Akajiona mjanja kweli.

Masikini, alisahau anaishi wapi. Zamani kaya zetu zilitawanyika vilimani, nani angejua namba ya nani? Sasa nyumba zilipangwa kwa mistari kama mahindi, kila mlango umepakwa namba kwa chokaa, na hata watoto walizijua zote kwa kichwa.

Ripoti ilirudi. Katibu wa kijiji, Machage, hakuwahi kushika karatasi yenye mhuri asiisome kwa sauti, basi akaisoma yote mkutanoni.

"Nyumba namba kumi na moja. Msichana, miaka kumi na saba. Damu kwenye mkojo, mwaka wa pili."

Shingo zote ziligeuka. Namba kumi na moja ilikuwa ya mjane Nyamburi, na binti yake alikuwa mmoja tu, Hana, ambaye posa yake ilibakiza ng'ombe kuletwa. Jumamosi waliyopanga kuwaleta, mshenga hakutokea. Upande wa mume ulisema tumbo la namna hiyo halizai. Uongo mtupu, na Hana alishaanza kupona, lakini nani angewaeleza wakaelewa?

Nyamburi alikwenda zahanati. Hakupiga kelele.

"Nilikuwaga nakwambia wewe," alisema. "Sikumwambia Machage."

Tangu siku hiyo alimpita Felisiani bila salamu. Kwetu kunyimwa salamu ni adhabu kubwa, na moyoni Felisiani alikiri kwamba imemstahili.

Kisha mtafiti akaandika: bila orodha ya mwaka wa pili, pampu itakwenda kijiji kingine. Felisiani angeweza kukataa, au kunakili kimyakimya. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alizunguka nyumba kwa nyumba, akaketi, akaomba ruhusa. Wengi walikubali, wachache wakakataa, akawaacha. Namba kumi na moja aliibakiza mwisho. Nyamburi aliendelea kupepeta mtama kana kwamba uani hapana mtu. Aliyejibu ni Hana, kutoka jikoni.

"Niandike tu, daktari. Lakini namba ya nyumba ya nini? Si wanatafutaga maji mabaya? Andika lambo tunakochotaga maji, basi."

Felisiani alichukua kalamu akazifuta namba za nyumba zote. Miaka yote ya kazi, na jambo jepesi hivyo hakuliona. Alimwomba Hana msamaha palepale mbele ya mama yake.

Pampu ilifungwa mwaka 1977. Wale waposaji hawakurudi. Hana alishakwenda kusoma chuo cha Buhare, na waliopoteza ni wao. Asubuhi ya kwanza ya pampu Nyamburi alipita mbele ya zahanati na ndoo kichwani. Akasimama.

"Umeamkaje, daktari?"

Felisiani aliitikia, kisha akaingia ndani akajifanya anatafuta pamba, mpaka macho yakakauka.