Mama wa Klore

Asubuhi ya mwisho kabla mke wangu hajaanguka mtihani, alinipa daftari nimshikie akikariri masomo. Miye sijui kusoma. Niliangalia midomo yake tu: asidi, bazi, chumvi. Miaka kumi na minane alitia klore, dawa ya kusafisha maji, mu mabidon ya maji ya watu pale mtoni, vidole vimebabuka, kila bidon akilinusa kabla ya kulifunga. Bado walitaka apite konkuru, ule mtihani wa kazi, ndipo serikali imwandike kazini! Nilisimama dirishani pa chumba cha mtihani. Mkubwa wa mtihani, kijana mwenye tai shingoni, akauliza choo kinasafishwa upesi na nini. Mke wangu akajibu: javel peke yake, yaani ile maji ya klore. Yule akasema hapana, javel na asidi. Lakini hivyo viwili vikichanganywa, moshi wake unaua! Mke wangu akafunga daftari: “Andika sifuri yako, mwanangu, lakini kwako nyumbani usivichanganye.”