Spika za Pikapu ya Ochan

Nashon Owuor hakuwahi kusikiliza spika kwa sikio kabla ya kuisikiliza kwa kiganja. Aliweka mkono wake wa kulia juu ya kitambaa cha spika, akafumba macho, akangoja mtikisiko, ndipo akasema kama ni nzima au inaumwa. Hata kanisani, kinanda kilipoanza, mkono ule ulishuka wenyewe kwenye ubao wa benchi. Mkewe, Akoth, alimtania kwamba siku moja atampima na yeye kama ameiva.

Alikuwa Mjaluo wa upande wa Kenya, fundi wa redio, na meza yake ilikuwa barazani pa duka moja Old Kampala. Mwenye duka, Mhindi aliyemfundisha kazi, alifukuzwa nchini pamoja na wenzake mwaka 1972. Aliyegawiwa duka lile hakujua auze nini, akamwachia Nashon baraza. Hapo ndipo kaka yangu Ochan alipomkuta. Ochan alikuwa dereva jeshini. Sisi ni Waacholi, na wale wawili walizungumza kila mmoja kwa lugha ya kwao, wakaelewana nusu, nusu nyingine wakaimalizia kwa Kiswahili. Neno "omera", yaani ndugu, ni lile lile kwa wote wawili, nao waliitana hivyo kutwa. Jumapili Ochan alikula samaki wa Akoth mpaka akalegeza mkanda.

Ukaja mwezi wa Julai 1976. Baada ya mateka wa ndege kuokolewa Entebbe, Kenya ilituhumiwa kuwasaidia waokoaji, na Wakenya wa Kampala wakaanza kuchukuliwa. Akoth alifunga mizigo. Nashon naye alikuwa tayari. Aliyewazuia ni Ochan.

"Omera, unakimbia nini? Mimi nipo. Nani atagusa mtu yangu?"

"Hao waliochukuliwa hawakuwa na marafiki jeshini?"

"Walikuwa na marafiki. Hawakuwa na Ochan."

Akoth akafungua mizigo. Nilikuwa mwanafunzi wa ualimu wakati ule, na nilimsaidia kurudisha sufuria mahali pake.

Kwa kushukuru, Nashon aliamua kuifanyia kazi redio ya pikapu ya Ochan. Ilikuwa na spika moja chini ya dashibodi, iliyolia kama nyuki ndani ya kopo, na gari likipanda mlima, mlio wa injini uliingia katikati ya muziki. Nashon akaing'oa. Alivuta waya mpya moja kwa moja kutoka kwenye betri. Alikwangua rangi mpaka chuma kikabaki kitupu, ili waya wa pili ushike vizuri kwenye bodi. Nyuma ya kiti akafunga sanduku la mbao za mvule lenye spika mbili pana kama sahani.

Alikuwa na desturi yake ya kukabidhi kazi. Hakuijaribu redio kwa stesheni ya mjini. "Ya hapa hata kijiko kitaishika," alisema. Aliutafutia mshale wa redio stesheni ya mbali, akauacha hapo, mwenye gari aje aisikie kwa masikio yake, kisha aurudishe mshale nyumbani mwenyewe. Siku ile mbali palikuwa Nairobi, na Nairobi walikuwa wakitangaza mpira. Ochan alipiga honi kwa furaha.

"Haya, rudisha Kampala," Nashon akamwambia. "Siku hizi si za mchezo."

"Wacha hapo hapo! Ni gari yangu. Jumamosi nitasikia mpira yote."

"Ochan, rudisha."

"Nitarudisha, mama yangu."

Hakurudisha.

Wiki iliyofuata alikuwa akinipeleka chuoni. Karibu na Ntinda kapteni mmoja alitusimamisha, akataka lifti. Nikampisha kiti, nikapanda nyuma, mgongo wangu ukiegemea kibanda cha dereva. Kioo cha nyuma kilikuwa wazi. Ochan, akitafuta sifa, akawasha redio. Sauti ya mtu wa Nairobi ikatoka, safi kana kwamba ameketi kati yao, akisoma habari za watu waliouawa Uganda.

Kapteni aliizima. "Hii nani alifunga?"

Nilingoja kaka yangu aseme kwamba gari ni lake, kwamba alikuwa akisikiliza mpira.

"Fundi moja, afande. Mkenya. Pale Old Kampala. Mimi hata sikujua ameweka nini." Akabadili gia. "Anaitwa Owuor."

Jina hilo kapteni hakuwa ameliuliza.

Waliponishusha chuoni sikuingia darasani. Nilipanda teksi ya kurudi mjini, nikamkuta Nashon ameinamia redio ya mtu.

"Fundi, Ochan amekutaja kwa kapteni. Ondoka leo."

"Ochan?" Alicheka. "Labda ananitafutia kazi."

"Nilikuwa nyuma yao. Nilisikia. Akoth yuko wapi?"

"Sokoni, Nakivubo."

Alinitazama usoni, kicheko kikamwisha. Akasimama, akachukua koti lake. Niliamini anaondoka. Ndipo pikapu ikasimama mbele ya baraza, na Ochan akashuka akitabasamu. Mimi hakunitazama.

"Omera! Spika moja imekufa. Na afande amependa kazi yako, anataka gari yake pia. Beba vyombo twende kambini."

"Ochan," nikasema.

"Wewe nyamaza," akanijibu kwa Kiacholi, bila kugeuka.

Nashon hakurudi. Akoth alishinda kwenye lango la kambi hadi walinzi wakamzoea, kisha watu wa kanisa wakampeleka mpakani. Nilipomuuliza kaka yangu, alisema ingekuwa yeye au Nashon, na kwamba mimi ni mwanamke, sijui jeshi. Aliendelea kuziendesha spika zile mjini. Watu walizisifu.

Lakini asubuhi ile, aliposikia habari ya spika, Nashon alirudisha koti msumarini na uso wake ukawa mwepesi, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Aliingia ndani ya pikapu na mfuko wake wa vyombo, akakaa kando ya kaka yangu, akatoa kichwa dirishani, akaniambia kwa upole, kama anayemkanya mtoto:

"Umeona, Anena? Ni spika tu. Usimseme hivyo tena ndugu yako."