Viganja vya Baba Viligeuka Njano

Mama tulimzika na viganja vya njano.

Hata kahawa haijaisha kuvunwa, baba naye akaninyooshea viganja vyake juani akasema, "Angalia, Jackline. Vimefanana."

Vilifanana kweli.

Wadau, mimi siyo mtu wa kuogopa ovyo. Nina saluni yangu hapa mjini, Engutoto, na stori za majini na mizimu nazisikia kuanzia nafungua mpaka nafunga. Huwa nacheka tu. Siku ile sikucheka.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo ili tuelewane.

Kwetu ni huko juu mlimani Meru, njia ya kwenda Momela, kwenye migomba na kahawa. Mama alianza kuumwa ini. Hospitali walituambia ukweli bila kuzunguka, kwamba ini limeshaharibika, tumrudishe nyumbani na tumpe anachopenda kula.

Macho yake yakawa ya njano. Ngozi ikafuata, mpaka viganja.

Mimi nilikataa kukubali. Kuna mteja wangu anauza virutubisho, vile vidonge laini vyenye mafuta ndani, rangi ya chungwa lililoiva. Aliniambia ni antioksidanti, vinatokana na karoti, vinapambana na sumu mwilini na kulinda seli. Alivyokuwa anashusha maelezo ungedhani kasomea.

Nikawa nanunua chupa baada ya chupa, namtumia mama.

Kila nikipiga simu namuuliza kama anameza. Ananijibu kwa upole, "Vinatumika, mwanangu." Namwambia nitatuma vingine, anashukuru.

Akafa.

Tukamzika kwenye migomba nyuma ya nyumba, kama tunavyozikana kwetu. Niliporudi mjini nikamwambia yule mteja atafute saluni nyingine.

Basi bwana, miezi ikapita. Kaka yangu Prosper, ambaye amejenga pale pale kwa wazazi, akanipigia. Sauti haikuwa yake.

Akasema mzee hayuko sawa. Jumapili ibada ikiisha, watu wakijipanga nje wanaimba na kupeana mikono, baba anapita pembeni na mikono mfukoni. Ng'ombe wake wa maziwa amemgawia mpwa wake. Na pale pembeni ya kaburi la mama amefyeka migomba, akapima ardhi kwa kamba.

Nikauliza anapima nini.

"Anapima pa kulala yeye," Prosper akasema.

Nilifunga saluni nikapanda siku ile ile.

Nilimkuta baba amekaa nje ya jiko, kapungua. Nikamsalimia shikamoo, akaitikia marahaba mama, ndipo akaninyooshea hivyo viganja. Rangi ilikuwa ile ile niliyoiona kwa mama kabla jeneza halijafungwa.

"Mama yako amenishika mikono," akasema. "Asubuhi nikinywa mtori wangu wa ndizi nasikia yupo, nyumba nzima inanukia yeye. Siogopi. Nilimwambia asikawie kunichukua."

Nililia. Alikuwa anaongea kama mtu aliyeshakata tiketi.

Wifi yangu Vaileth, mke wa Prosper, akanivuta pembeni. Akanieleza kwamba kijiji kizima kinasema mke anamwita mumewe, na waliowahi kumpa mkono wamekwenda kunawa. Prosper ameshaita kikundi cha maombi waje kukemea pepo.

Hapo damu ikanichemka. Pepo gani? Huyo wanayetaka kumkemea ni mama yangu.

Nikamwambia baba twende hospitali. Akagoma. Akasema mama tulimpeleka na wakamrudisha, yeye watamfanya nini. Nikakaa chini mbele yake, nikamwambia sinyanyuki hapo mpaka akubali. Ukaidi wangu nimeurithi kwake, kwa hiyo tulikaa sana.

Mwishowe akakubali kwa sharti moja.

"Wakisema ni ini, msinizuie. Mnirudishe hapa, mniache nimfuate."

Nikasema sawa. Nikamletea viatu kabla hajabadili mawazo.

Kwenye zahanati moja ya mjini tukapata daktari kijana anaitwa Hans. Baba alimpa viganja, lakini yeye hakuviangalia kwanza. Alimvuta baba kope la chini, akamwelekeza dirishani, akaangalia macho.

"Meupe," akasema.

Akatueleza kwamba ini likiharibika mpaka ngozi ikawa njano, macho huwa njano pia. Hata hivyo akachukua damu. Tukasubiri kwenye benchi, baba amefumba ngumi mapajani, mimi naomba kimoyomoyo.

Majibu yakarudi. Ini zima.

Mimi nikashukuru kwa sauti mpaka watu wakageuka. Baba akainamisha kichwa.

"Kwa hiyo hajaniita?" akauliza.

Daktari akarudia kutazama karatasi ya majibu. Nadhani shuleni hawafundishwi kujibu swali kama lile.

Ndipo akaanza kuuliza chakula. Karoti nyingi? Hapana. Papai, maembe? Kidogo. Virutubisho vyovyote? Baba yangu hata dawa ya kichwa hajawahi kumeza, anasema kichwa kikiuma kinauma kwa sababu.

"Kuna kitu chenye rangi ya karoti kinaingia mwilini," Hans akasema, "na kinaingia pamoja na mafuta. Ukikimeza kikavu mwili unachukua kidogo, kingine kinapita. Ukikila na mafuta ndiyo mwili unakipokea vizuri. Mzee anakula mafuta gani?"

Baba akajibu, "Samli ya mke wangu."

Hapo ndipo nikakikumbuka chungu.

Nyumbani kwetu samli alikuwa anapika mama, na chungu cha samli ya mzee hagusi mwingine. Sisi watoto tumekua tunainusa tu. Mzee anachota mwenyewe kijiko, anatia kwenye mtori wake wa moto asubuhi. Mama alipokufa aliacha chungu kimejaa chumbani kwake. Vaileth, kwa kuwa ni mkwe, hakuthubutu kuingia mle. Baba alikuwa anaingia peke yake kila asubuhi.

Tulipofika nilikwenda moja kwa moja chumbani kwa mama. Baba na Prosper wakasimama mlangoni.

Nikafunua jani la mgomba juu ya chungu. Samli ilikuwa imebaki chini kabisa. Na haikuwa na ile rangi ya samli, ilikuwa nyekundu inayoelekea chungwa, kama mafuta ya mawese.

Nikazamisha kijiko mpaka chini.

Kikatoka na maganda. Maganda laini ya vidonge, yamenywea, kila moja lina kitundu kidogo. Nikachota tena, mengine. Nikachota tena.

Vilikuwa vidonge vyangu.

Prosper akarudi nyuma, akasema tusiguse, huenda mama alilishwa uchawi, au yeye ndiye aliyeutega. Sikumsikiliza. Nilikwenda kwa Magdalena, jirani yetu, rafiki wa mama tangu wakiwa wasichana wa kwaya. Aliponiona nimeshika kile kijiko, akakaa chini kabla sijauliza.

"Aliniapisha nisikwambie," akasema.

Akanieleza taratibu. Mwanzoni mama alimeza kweli. Lakini wakati huo kila chenye mafuta alichokula kilikuwa kinatoka kama kilivyoingia, na aliona mwenyewe. Basi akawa anapika samli, wanakaa wawili jikoni, mama anatoboa vidonge kwa pini na kuvitumbukiza kwenye samli, Magdalena anakoroga.

"Alisema mwili wake umekataa, na wewe unahangaika kuvinunua. Alisema, 'Mzee ndiye anayebaki. Acha vimlinde yeye.'"

Nilimpigia Hans nikiwa nimekaa kwenye jiwe la mlangoni kwa Magdalena. Akaniambia mama aliona sawa. Ini lake lilikuwa halishushi nyongo, na bila nyongo mafuta hayaingii mwilini. Hata angemeza chupa zote, zingepita tu, na hata zingeingia zisingemponya. Baba aache hiyo samli, rangi itaondoka yenyewe. Rangi ile haiui.

Nilijua kilichokuwa kinamuua baba. Ni ile hamu ya kumfuata mama, iliyomshikisha kamba.

Nikarudi nikamweleza baba yote. Nilitegemea afurahi. Yeye aliomba aletewe chungu, akakipakata mapajani.

"Alikuwa hawezi hata kusimama," akasema, "na bado ananipikia."

Halafu akakifunika kwa jani. Akamwambia Prosper awaambie watu wa maombi wasije, na ile sehemu aliyofyeka apande migomba.

Jumapili moja, wiki kadhaa baadaye, nilipanda tena, tukaenda ibada pamoja. Tulipotoka alijipanga na wenzake, akampa mkono kila aliyepita. Waliokuwa wananawa nao walipokea.

Tuliporudi nyumbani akakaa nje ya jiko akifungua viganja juani. Njano ilikuwa imebaki kwenye mistari tu. Nikamwambia kwa furaha, "Baba, umepona."

Akafumba ngumi zote mbili, kama anazuia kitu kisimponyoke.

"Siku ya mazishi watu waliniambia ameondoka," akasema. "Sasa ndiyo anaondoka, Jackline."

Nikakaa naye.

Nimewaandikia kwa sababu najua wengi wenu mnatuma vitu nyumbani. Usitosheke kutuma na kuuliza kama vimefika. Panda, kaa jikoni, mwangalie mgonjwa wako anakula nini, kinamwingiaje na nani mwingine anakila. Na anayekuuzia vidonge kwa maneno matamu, muulize vinaingiaje mwilini. Akibabaika, funga pochi.

Chungu cha mama bado kipo chumbani kwake. Samli iliyobaki haiwezi kujaza hata kijiko. Hakuna anayethubutu kukiosha.