Namba Kwenye Kivuko

Tangu Jumapili, kila simu ilipolia, Mistari alikaa chini kwanza ndipo akapokea.

Watu walimwita hivyo kwa sababu mstari wake haukupinda hata akiuchora bila rula. Kazi yake ilikuwa kuandika mabango ya maduka, ya vinyozi, ya milango ya ofisi. Alikuwa mwoga na wala hakuficha. Akimwona polisi alihamia upande wa pili wa barabara, hata kama hana kosa. Waliomtania aliwajibu kwamba kwa mwoga huenda kicheko, na nyumbani kwake wanapenda kucheka.

Lakini mbele ya shule ya binti yake magari yalishagonga watoto wawili, na wa pili, mtoto wa jirani, bado alikuwa anajifunza upya kutembea, kwa magongo. Wazazi walipeleka manispaa barua tatu za kuomba kivuko. Wakajibiwa kwamba suala lao linashughulikiwa. Lilipokuwa limeshughulikiwa miezi minane, Mistari alibeba kamba, ndoo mbili za rangi nyeupe na viti viwili vya nyumbani vya kuzuilia magari, akaenda Jumapili saa tatu asubuhi, kweupe, akachora kivuko cha milia kumi na miwili.

Kilikuwa kivuko safi. Na chini ya mlia wa mwisho, pembeni, ilikuwepo namba yake ya simu.

Hakukusudia. Kwa miaka ishirini kila bango alilomaliza alilitia namba kwenye kona, na mkono uliozoea hauombi ruhusa kichwani. Alikumbuka jioni akiwa anaoga, akatoka na povu masikioni kumwambia mkewe kwamba amejishtaki mwenyewe.

Jumatatu asubuhi alirudi na tambara lililoloweshwa petroli, aifute ile namba. Alipokanyaga tu ukingo wa lami, gari likasimama na dereva akampungia apite. Kukataa kungekuwa utovu wa adabu, akavuka. Akageuka arudi, lori nalo likasimama. Alikwenda na kurudi mara nne, akimshukuru kila dereva kwa kuinua tambara, hadi wanafunzi wakaanza kufika na kupita juu ya milia kana kwamba ilikuwepo tangu wazaliwe. Alirudi nyumbani tambara limekauka.

Ijumaa simu ikalia. Sauti ilikuwa ya upole, na upole huo ndio uliomkata maini.

"Wewe ndiye fundi wa mabango?"

"Ndimi."

"Na barabara nayo ni bango?"

Ofisa huyo wa manispaa akamwambia afike mahakamani Jumatatu.

Jumapili alikuja shemeji yake, kaka wa mkewe, karani wa mahakama hiyohiyo. Alikuwa na njia. Namba ile ilikuwa kwenye kuta za nusu ya mji. Yeyote angeweza kuinakili. Aseme hajui lolote, basi.

"Watu waliniona, shemeji. Ilikuwa saa tatu asubuhi."

"Walikuona. Lakini nani atasema?"

Mistari alitamani sana njia ile. Akamtazama mkewe aliyekuwa akikunja sweta, akiikunjua, akiikunja tena.

"Hujalala wiki nzima, na hujadanganya bado," mkewe alisema. "Ukidanganya je?"

Kizimbani, shtaka lilisomwa: kuharibu barabara ya umma. Mistari alisema ni kweli, kwa sauti ndogo mno, ikabidi akiri mara ya pili. Hakimu, mama mwenye miwani mizito, hakuwa mkali. Alimweleza kwamba kila mtu akichora barabara apendavyo, leo ni kivuko, kesho mwingine atajiandikia kikomo chake cha mwendo. Mistari aliona mama huyu anasema kweli, na hilo likazidi kumtisha. Kisha akapewa sharti: afute kivuko kwa mkono wake kabla ya Jumamosi, aende nyumbani. Akikataa, siku thelathini gerezani.

Alishika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili ili asitetemeke, nao ukatetemeka pamoja naye.

"Mheshimiwa, kosa nimelikubali na adhabu nitaipokea. Kufuta siwezi. Kama ni lazima kifutwe, aje mwenye mamlaka akifute asubuhi, watoto wakimwangalia."

Hakimu alivua miwani, akaifuta, akaandika siku thelathini.

Kwenye korido askari alimruhusu ampe mkewe saa, funguo na simu. Funguo zilimponyoka mara mbili. Simu ikalia mkononi mwa mkewe, na Mistari, kwa mazoea ya wiki ile, akatafuta pa kukaa. Hapakuwa na kiti. Mkewe akapokea: alikuwa mwalimu mkuu wa shule nyingine, upande wa pili wa mji. Amepita pale, ameiona namba, anauliza kama fundi anaweza kuwachorea na wao.

"Fundi amefungwa kwa kivuko hichohicho," mkewe akasema. "Bado unamtaka?"

Askari akamgusa Mistari bega, lakini mwenyewe hakusogea, naye alikuwa ametega sikio.

"Anauliza unatoka tarehe ngapi," mkewe akamwambia.