Nililinda tiles zisipate tone la rangi, mama akakataa kuingia nyumba niliyomjengea

Chamgei wakuu. Hii haikutokea kwa rafiki ya rafiki, ni mimi mwenyewe. Kama kuna mahali nimeongeza chumvi, ni pale tu nitajisifu.

Mimi ni wa huku Bomet, ndani kabisa kwa majani chai. Nauza spea za pikipiki town. Mamangu amechuna chai tangu nikiwa mgongoni mwake, na maisha yake yote ameishi kwa nyumba ya udongo, ile ya kupaka sakafu na mavi ya ng'ombe kila Jumamosi. Nikaapa atazeeka akikanyaga kitu kinang'aa.

So nikajenga. Nyumba ndogo, safi, hapo tu kando ya ile ya zamani.

Na nikaweka tiles nyeupe.

Nyeupe, wakuu. Huku mvua inanyesha karibu kila mchana, na udongo ni mwekundu hadi kuku wanatembea wamevaa soksi. Nani alinishauri? Hakuna. Ni mimi na roho yangu.

Najua kuna mjuaji ataandika hapa chini kwamba rangi hupakwa kwanza, tiles baadaye. Asante sana. Fundi wa tiles alikuwa anaenda kwa kazi nyingine Kipkelion, nikaona heri nimshike kabla hajapotea. Ndio nikajipata na sakafu inang'aa na kuta bado ni plasta tupu.

Fundi wa rangi alikuwa mzee mmoja wa Chepseon, Baba Wanja, mtu wa mdomo. Aliingia na ndoo zake, akaangalia chini, akaniangalia mimi.

"Haiya! Kijana, sasa unataka nipake nikiwa hewani?"

Nikamwambia atulie, nimesoma hiyo maneno online. Chini kabisa nikaweka katoni za supermarket. Juu yake gunia za mbolea. Juu yake nailoni ya silage, ile nzito ya kufunika chakula cha ng'ombe. Kando ya ukuta nikazungusha masking tape kama mtu anafunga kidonda. Kwa kona haikutosha nikachukua leso ya mke wangu, lakini hiyo kesi bado inaendelea, tusiiguse.

Halafu sheria: hakuna viatu. Baba Wanja akapaka nyumba nzima na soksi. Nailoni inateleza, kila akikaribia kuanguka anashika ukuta aliotoka kupaka. Alama ya mkono wake iko nyuma ya mlango wa jikoni hadi leo.

Sasa sikizeni hapa.

Siku ya kwanza, mama alikuja moja kwa moja kutoka shambani na gumboots zake, thermos ya chai mkono huu, mursik, yale maziwa yetu ya kibuyu, mkono ule. Alikuwa anacheka. Alitaka kuona kiti chake kitakaa wapi.

Mimi niko juu ya ngazi. Nikapiga nduru, "Mama! Hapo hapo! Usikanyage!"

Alisimama mguu mmoja ukiwa hewani. Akaurudisha nje polepole. Akaweka thermos kwa ngazi ya mlango, akasema, "Sawa, weri." Weri ni kijana, kwa nyinyi wa mbali. Akaenda.

Kesho yake chai ilipitia dirishani. Na kesho yake tena. Unajua nilifikiria nini? Nikafikiria, eh, mama ameelewa project.

Rangi ikaisha. Nikatoa nailoni, gunia, katoni. Wakuu, hakuna mkwaruzo. Tone moja tu ndilo lilipita, na lilitoka kwa mgongo wangu, nilipoinama kuangalia kama kuna tone limepita.

Nikapiga picha nikatuma kwa group ya familia. Sakafu tupu, bila mtu hata mmoja. Watu wakaweka makofi.

Siku ya maombi ya nyumba, mchungaji akaingia na viatu vya matope hadi katikati ya sitting room. Nani atamwambia mchungaji avue? Si mimi. Majirani wakafuata nyuma yake. Nyumba ikajaa, ikabaki mwenyewe.

Mama alikuwa nje anapika. Akaitwa aombewe. Akafika mlangoni, akaangalia tiles, akaangalia miguu yake.

"Niombeeni nikiwa hapa tu. Mungu anasikia hata kwa mlango."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, mjinga mimi.

Jioni akarudi kulala kwa nyumba ya udongo. Eti amechoka. Siku iliyofuata eti kuku watalala na nani. Halafu eti mahindi ikauke kwanza. Kitanda kipya kiko ndani, godoro bado imevaa karatasi ya dukani.

Tulipomlazimisha angalau aje anywe chai, alikuja na gunia yake ya mbolea. Akaitandika hapo mlangoni, akaweka kiti, akaweka miguu juu ya gunia na magoti pamoja, kama mtu anangoja chifu. Kwa nyumba yake!

Dada yangu hakunionea huruma. "Ulimfokea mbele ya fundi. Ulitaka aingie na mabawa?"

Nikaenda kuomba msamaha. Heri angenitukana. Alisema tu, "Kwani umenikosea? Sakafu ni nzuri. Wacha ikae." Niliumia, wakuu. Nilikuwa nimejenga nyumba ya tiles kuishi.

Basi kuna mchana mmoja mvua imenyesha vizuri. Nimetoka kumsaidia kupeleka majani buying centre, gumboots zangu zimebeba nusu ya shamba. Mama amesimama kwa veranda ananingoja nizivue.

Sikuvua.

Niliingia. Nikapita sitting room, nikazunguka jikoni, nikaenda hadi chumba chake, nikarudi. Kila hatua matope mekundu juu ya nyeupe. Moyo wangu ulikuwa unalia, msinidanganye, hizo tiles nazipenda.

"Woi! Weri! Umerukwa na akili? Unachafua nyumba ya nani?"

Nikarudi kuanza raundi ya pili.

Mama alitupa gumboots zake huko nje, akachukua ndoo na tambara, akaingia miguu mitupu akinifuata nyuma. Alipanguza kutoka mlangoni hadi sitting room, jikoni, chumbani, amepiga magoti, akinisema kwa Kipsigis maneno ambayo moderator hatakubali niandike.

Alipomaliza chumbani alikuwa amechoka. Akakaa kwa kitanda.

Akabonyeza godoro na mkono. Karatasi ikalia.

"Na hii makelele, mtu atalalaje hapa?" Akairarua yote, akanitupia.

Siku hiyo alilala hapo. Kuku walijipanga wenyewe.

Funzo? Katoni, gunia na nailoni zinafanya kazi, wekeni bila wasiwasi. Lakini mwenye nyumba akija kuona, shuka kwa ngazi kwanza. Umpatie hata soksi kama za fundi, umshike mkono aingie. Rangi inapanguzika.

Nani mwingine ameshalinda kitu hadi mwenyewe akaogopa kukitumia? Leteni hapa, nisibaki mjinga peke yangu. Na wewe wa rangi kwanza, tiles baadaye, karibu pia, najua huwezi vumilia.

Mimi naandika nikiwa veranda. Nilikuja na maziwa, nikataka kuingia, nikasikia sauti kutoka jikoni:

"Weri! Hapo hapo! Viatu!"