Msusi Anayechora Kimbunga Kwenye Kioo

Mteja ana povu kichwani. Msusi hayupo nyuma yake. Amesimama mbele ya kioo kikubwa cha saluni, lipstiki nyekundu mkononi, anachora pwani.

Kwanza anachora ufuo, ukinyooka hadi pale unapopinda kuifuata ghuba. Kisha anailaza lipstiki na kupaka kwa ubavu, kutoka baharini kuja nchi kavu. Rangi inaanza nyembamba, inazidi kutanuka kadiri inavyokaribia ufuo, kama gauni lililofunguka chini. Anarudi hatua nyuma, anaitazama simu yake, anaongeza upana wa kidole upande wa kusini.

"Mama Mawingu, povu linaingia machoni," mteja analalamika.

"Nakuja, mpenzi. Jitazame kwanza."

Mteja anafumbua jicho moja. Uso wake uko katikati ya wekundu.

"Hii ndiyo nini sasa?"

"Ndiko kimbunga kinakoweza kupita. Ukijiona ndani, uko ndani."

"Lakini kitapita wapi hasa?"

"Humo."

"Humo wapi?"

"Humo mote," anajibu msusi, na ndipo anapofungulia maji.

Saluni yake ina viti viwili, draya moja na sinki lenye ufa uliozibwa kwa simenti. Iko juu ya barabara inayoteremka hadi mtaa wa bondeni, ambako nyumba zimejengwa karibu na bahari kiasi kwamba kuta za nyuma huota chumvi. Televisheni iliyokuwa ikionyesha tamthilia za mchana, kwa wiki nzima imeonyesha kitu kimoja tu: wingu jeupe linalozunguka juu ya bahari, picha ya setilaiti inayojirudia bila sauti.

"Wateja walinilalamikia kuhusu tamthilia," anasema. "Nikawaambia hii nayo ni tamthilia, tofauti yake ni kwamba sisi tumo."

Jina la Mama Mawingu alipewa na mtaa, kwa kejeli, na akalichukua. Siku hizi limeandikwa mlangoni juu ya bei za kusuka. Ni mwanachama wa kundi la watu thelathini na kitu waliotawanyika pwani nzima, ambao hufuatilia vimbunga kwenye simu zao. Hawalipwi na yeyote. Wengi hawajawahi kuonana. Yumo muuguzi, yumo kondakta mstaafu, na yumo mwoka mikate wa mji wa kaskazini ambaye wenzake humwita Kaka Mikate.

Wanazo sheria mbili. Ya kwanza, hawatangazi tahadhari yao wenyewe. Wanasubiri mamlaka ya hali ya hewa iseme, kisha wanayapeleka maneno yale mtaani. "Wataalamu wanajua kazi yao," anasema. "Wao wanasema kasi ya upepo ni kilomita mia mbili kwa saa. Kazi yangu mimi ni kumwambia jirani kwamba bati lake halitalala kwake."

Sheria ya pili ni kali zaidi. Ndani ya kundi, ni marufuku kuchora mstari.

Watu wote wanataka mstari, anaeleza huku akimkausha mteja nywele. Wanataka waonyeshwe kijia chembamba ambacho kimbunga kitapita, ili wajue kama kimewagusa. "Ukichora mstari, wa kushoto analala usingizi, na wa kulia analala usingizi. Anayebaki macho ni yule mmoja uliyempitishia. Na kimbunga hakijauona mchoro wako. Ndiyo maana mimi napaka upana. Wananichukia kwa huo upana. Na wanichukie."

Alianza mambo haya kwa hasira, si kwa udadisi. Alipokuwa msichana anayejifunza kusuka, kimbunga kilikichukua kibanda cha mwalimu wake na kila kilichokuwa ndani, kuanzia viti hadi chanuo la mwisho. Mwalimu yule hakusuka tena. "Redio ilikuwa imesema. Hakuna aliyetudanganya. Lakini ilisema kwa maneno ambayo ukiwa unasuka unayasikia yanapita tu. Nikaapa, upepo mwingine hautanikuta sijui ulikotoka."

Safari hii, aliyekuwa mgumu kuliko wote kuambiwa alikuwa dada yake wa kuzaliwa naye.

Dada ni fundi cherehani. Anaishi bondeni, peke yake tangu watoto wake walipohama, katika chumba kimoja na sebule, na sebule ndiyo karakana. Ana cherehani mbili na hushona sare za shule. Mwanzoni mwa wiki alipanda kuja kusukwa, na nusu ya kichwa ilikuwa imekwisha pale simu ya msusi ilipolia. Ilikuwa picha mpya. Katikati ya lile wingu jeupe palikuwa pametokea tundu jeusi la duara. Jicho la kimbunga likifunguka namna hiyo, maana yake kimekomaa na nguvu zake zimetimia. Kundini watu walikuwa wakishangilia. Mama Mawingu akasahau yuko wapi.

"Jicho limefunguka! Tazameni! Jamani, tazameni lilivyo zuri!"

Dada akageuka taratibu, chanuo likiwa limechomekwa kichwani.

"Zuri?"

"Dada, sikuwa na maana hiyo."

"Hapana, malizia. Kinakuja kubomoa nyumba yangu, wewe unakisifia. Kama ni mchumba wako sema, tukamlaki."

Mteja mmoja akacheka. Dada hakucheka. "Unataka kije," alisema. "Unakiomba kije, ili upate kusema uliona. Basi mimi sitoki bondeni. Kije kinikute."

Akakivua kitambaa shingoni, akateremka barabara nzima na nusu kichwa.

Ukimuuliza Mama Mawingu kuhusu siku hiyo, hajitetei. "Alinichoma kwa sababu kuna ukweli ndani yake. Kundi zima tuna ugonjwa huo. Huwezi kukitazama kitu miaka yote hii usikipende. Ndiyo, nakipenda, na sitaona haya. Fundi umeme naye anaupenda umeme, na yeye ndiye wa kwanza kukukataza kushika waya."

Lakini neno lile lilikuwa limekwisha kuteremka mtaani. Bondeni wakaanza kusema kwamba msusi anakiita kimbunga. Muuza vocha wa mlango wa pili akaja kulalamika kwamba kile kioo kinamfukuzia wateja.

"Futa hiyo rangi, Mama Mawingu. Watu wanaogopa hata kusimama hapa."

"Wakizama ndiyo watanunua vocha?"

"Biashara imelala!"

"Hata yangu imelala. Nani anasuka wiki ya kimbunga? Toka mlangoni, unaziba mwanga."

Ni kweli imelala. Siku nzuri husuka vichwa vitatu. Wiki hii kuna siku alizofunga bila kugusa hata kimoja, na bado alinunua bando, kwa sababu bila bando haoni picha. Rangi haikufutwa.

Mamlaka ilipotoa agizo kwamba watu wa mabondeni wahamie kwenye shule iliyo kilimani, wachache walipanda. Wengi walikaa vibarazani wakitazama bahari, ambayo bado ilikuwa shwari. Mama Mawingu akaazima mkokoteni wa muuza maji, akausukuma mwenyewe hadi mlangoni kwa dada yake.

Majirani walioshuhudia bado wanaigiza mazungumzo yale.

"Sitoki," alisema dada, kilemba kimeficha ile nusu isiyosukwa.

"Sikuja kukutoa."

"Na mkokoteni ni wa nini?"

"Wa cherehani. Moja aliinunua mama. Na mimi nina haki nayo."

"Wee! Weka chini!"

"Wewe baki, dada. Kaeni wawili, wewe na huyo mchumba wangu. Cherehani hazikualikwa."

Akainama, akaikumbatia cherehani, akaanza kuiburuta. Mguu wa meza ukakwaruza sakafu kwa kelele ya kukata masikio. Dada akashindwa kuvumilia.

"Utaivunja! Hujui hata inashikwa wapi! Shika huku chini. Chini, nimesema! Inua na wewe, mbona umelegea?"

Ndivyo fundi alivyojikuta anasaidia kuhamisha karakana yake. Walipomaliza ya pili alirudi ndani kuchukua sanduku la nyuzi, kisha robota la sare zilizokwisha kushonwa, kisha akafunga mlango kwa kufuli, akaufuata mkokoteni nyuma huku akifoka.

Jambo lililofuata, hakuna aliyelipanga. Bondeni kila nyumba ilikuwa na nguo kwa fundi yule. Wakamwona anapita.

"Fundi, unahama?"

"Muulizeni huyu mwendawazimu."

"Na gauni langu?"

"Liko mkokotenini!"

Mama mmoja akaondoka kibarazani kufuata gauni lake. Wa pili akamfuata wa kwanza. Mtu akawaza kwamba, ikiwa fundi mwenyewe, mbishi kuliko wote, ameondoka na cherehani zake, basi huenda kuna jambo. Kabla jua halijazama karibu mtaa wote ulikuwa kilimani, umejaa madarasani na magodoro na kuku, kila mmoja akimlaumu Mama Mawingu kwa sauti.

Kimbunga hakikuja.

Kilipokaribia ufuo kilikata kaskazini. Kwao ilinyesha mvua usiku kucha, na upepo ulipeperusha mabati mawili matatu. Bondeni maji yalifika vifundoni, yakarudi yalikotoka.

Asubuhi hii saluni imefunguliwa mapema. Cherehani mbili zimebanwa kati ya draya na sinki, na dada yuko nyuma ya mojawapo, anashona kwa hasira. Nje, watu wanateremka kurudi nyumbani na magodoro vichwani. Muuza vocha amepata siku yake.

"Mama Mawingu! Mchumba kapita wapi? Kakuona kakimbia?"

Kicheko kinapanda na kushuka barabarani. Mwanamume mmoja anachungulia mlangoni kudai apewe usingizi wake wa jana. Wengine wanasema safari ijayo wataisikiliza bahari, si saluni. Hilo ndilo linalomuuma. Kejeli amezizoea, lakini anajua kwamba kila anayecheka leo huenda siku nyingine asipande.

Ameinamia simu. Kimbunga kilikuwa bado ndani ya ule upana alioupaka kiliporarua mji wa kaskazini, mji wa Kaka Mikate, na tangu usiku Kaka Mikate hapatikani. Anapiga, anasikiliza, anakata, anapiga tena.

"Kimetukosa, na bado unakitafuta," dada anasema hatimaye, bila kuinua macho. "Mguu wangu umevimba kwa kulala juu ya dawati. Unajua ulichonifanyia?"

"Najua."

"Hata samahani?"

"Sikuombi samahani, dada. Kingekuja ningekubeba. Hakikuja, nimekubeba vilevile. Kikija kingine nitakubeba."

Dada anafyonza, anakanyaga cherehani.

Simu inalia. Ni ujumbe wa sauti. Mama Mawingu anaubonyeza na kuiweka simu mezani, kati ya mikebe ya mafuta ya nywele. Kwanza ni mvumo, halafu sauti ya mwanamume iliyokauka.

"Mama Mawingu. Ni mimi. Tanuri limekwenda, paa limekwenda. Mtaa wangu sasa ni mchanga mtupu, huwezi kujua nyumba ilikuwa wapi. Lakini watu wapo. Wapo wote. Tulikuwa juu. Walinitukana njia nzima, mpaka tunaingia ukumbini wananitukana. Waambie na wa kwako... waambie..." Ujumbe unakatika hapo.

Cherehani imesimama. Mama Mawingu amejifunika uso kwa taulo la saluni. Mlangoni, muuza vocha, aliyekuwa amekuja na utani mwingine, ameondoka nao.

"Huyo ndiye nani?" anauliza dada.

"Rafiki yangu. Anaoka mikate."

"Umewahi kumwona?"

"Hapana."

Dada analivuta lile robota la sare, analifungua, anaanza kupanga mashati kwa ukubwa mapajani mwake. "Mpigie," anasema. "Muulize watoto wa mtaa wake wanavaa namba ngapi." Kisha, kwa sauti ile ile ya kufoka: "Na ukimaliza uje unimalizie hiki kichwa. Siku zote hizi natembea na kilemba kama mgonjwa."

Akimsuka dada yake, Mama Mawingu anaeleza anachokusudia. Amekwisha kuongea na wasusi wa saluni nyingine sita zilizo pwani. Anataka kila moja iwe na kioo kilichopakwa, na kila msusi ajue kulieleza agizo la mamlaka kwa maneno ya mteja aliye kitini. Anataka pia mtaa ununue mkokoteni wake, na safari ijayo karakana ya dada ihamishwe mapema, mchana kweupe, kila mtu aione.

"Kwa hiyo mimi ndiye king'ora chenu," dada ananung'unika.

"Una sauti ya kutosha, dada. Inamisha kichwa."

Barabarani magodoro bado yanateremka, na kicheko hakijaisha. Mama Mawingu anabana mafungu matatu ya nywele kati ya vidole, anayavuta, anaanza msuko mpya. Anajua kuna kimbunga kingine, mwaka huu au mwaka ujao, na anajua huenda nacho kikawapita pembeni, na yeye atakuwa amewapandisha watu kilima bure kwa mara nyingine.

Na ukimuuliza: wakikucheka tena je?

"Wacheke," anasema. "Ila waje wachekee huku juu."